Unataka kuanzisha huduma kanisani? Spika iache nyumbani

Juzi dada mmoja kanitumia meseji usiku, "Bwana Yesu asifiwe kaka, usharika wetu tunataka kuanza kupima afya bure kijijini kama nyie, tuanzie wapi?" Nikaisoma mara mbili. Kama nyie! Ungejua siku ya kwanza tulivyoaibika wala usingeniuliza mimi.

Ngoja niseme yote. Niko mkoa wa Tanga, na kijiji tulichokwenda Waislamu ni wengi kuliko sisi na tunaishi vizuri tu, misiba tunazikana, harusi tunapikiana. Kamati ya diakonia, yaani ya huduma kwa wahitaji, ikakaa, tukachanga, tukapata mashine moja ya presha, vipimo vya sukari na manesi wawili waumini wetu, mratibu nikawa mimi. Nilikuwa na moto siku zile, nikasema hatuwezi kwenda mikono mitupu kiroho, tubebe spika, jenereta na kwaya. Tangazo lilisema saa mbili asubuhi. Watu walianza kufika saa moja na nusu, wazee na fimbo zao, wengine hata chai hawajanywa maana waliambiwa sukari inapimwa tumbo tupu.

Saa mbili kwaya. Saa mbili na nusu neno. Mhubiri nani? Mimi huyu huyu. Nilihubiri mpaka saa nne kasorobo, na nasema ukweli, nilikuwa nafurahia sauti yangu inavyorudi kutoka mlimani. Kuna bibi kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kashika kikaratasi chake namba 14, anakikunja anakikunjua. Nilipofika pale pa "nani anataka kumpokea Yesu anyooshe mkono", akanyoosha. Nikamkimbilia na maiki. Akasema taratibu, "Mwanangu, mie nauliza presha yapimwa saa ngapi, kichwa chanigonga." Ikatoka kwenye spika, kijiji kizima kikasikia.

Tukaanza kupima jua limeshakuwa kali. Namba 11 mashine ikakata betri. Petroli ya jenereta tulibeba dumu zima, betri nne za akiba hakuna aliyekumbuka. Bibi akaweka kikaratasi chake mezani, akakibonyeza na jiwe kisipeperuke, akaondoka.

Sikulala vizuri wiki mbili. Mwisho nikamchukua nesi mmoja tukaenda kwa yule bibi, bila kwaya. Presha 190 kwa 110. Tukampakia bodaboda mpaka zahanati, na kuanzia hapo ndo huduma yetu ilipoanza kweli, ile ya mwanzo ilikuwa sherehe yangu mimi.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu: pima kwanza. Hubiri baadaye, au usihubiri kabisa siku hiyo. Pili nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya kabla hamjachapa tangazo lolote, mwambieni mnataka kufanya nini na wapi, na shirikianeni na zahanati ya hapo kwa sababu mkimkuta mtu ana sukari ya kutisha mtampeleka wapi, kwa mwinjilisti? Hili la kanisa na serikali kushirikiana si geni, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ipo tangu 1992, na kuna hospitali za kanisa ambazo wafanyakazi wake wengine wanalipwa na serikali. Tatu, nimesema pima kwanza? Pima kwanza.

Halafu someni wenzetu walivyoanza. Hapa hapa Usambara kuna Lutindi, wamisionari walifungua 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 pakawa mahali pa wagonjwa wa akili, watu ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wanawafunga kamba. Ndiyo walihubiri pia, najua. Ila mgonjwa wa akili huwezi kumwambia nyoosha mkono nikuhesabu kwenye ripoti. Unamuogesha, unamlisha, kesho tena.

Na jiandaeni kuumia. Mwaka jana walikuja wageni, likatengenezwa bango kubwa, cheti akapokea mtu ambaye hajawahi kubeba hata kiti kimoja, mimi nilikuwa nyuma napanga soda. Sina kinyongo. Kidogo tu. Nikienda kwenye Mathayo 25 sioni mahali Bwana anauliza nani alipiga picha, anasema "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula", basi, na wewe kama unaanza hii kazi ili utajwe kwenye matangazo ya Jumapili heri uuze maandazi, angalau utapata faida.

Bibi wa namba 14 yupo, dawa anakunywa, kila tukifika ananitania, "Leo ile ngoma yenu mmeiacha wapi?" Hajabadili dini wala sijamuuliza. Mwezi uliopita kaja na majirani zake sita, kawapanga mstari mwenyewe, na yeye kakaa wa mwisho.

Mkishapata tarehe nitumie dada. Nitakuja na mashine yangu, na betri.