Kamera ya dashibodi kwenye Leaf: linda betri ndogo

Dada, umeuliza kama kamera itakumalizia chaji ya Nissan Leaf, gari lako la umeme, ikikesha inarekodi hapo kwenye maegesho Mombasa. Betri kubwa, ile ya kuendesha gari, wala usiiwazie. Inayoumia ni ile ndogo ya volti 12, maana kamera hula huko, na ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikiisha chaji, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa pomoni. Mimi yalinikuta alfajiri nikienda kumpokea mama stesheni. Jirani mwenye Probox ya petroli ndiye aliyeniokoa kwa waya za betri, na bado hajaacha kunicheka.

Piga hesabu: kamera ya wati 5 ikikesha saa 24 imekula wati-saa 120. Betri ndogo ya ampea-saa (Ah) 45 ina kama wati-saa 540 (45 mara volti 12), na ukiishusha chini ya nusu unaiua. Yaani siku mbili hivi. Mwambie fundi akufungie kifaa cha kukata umeme, ukiweke kikate betri ikishuka hadi volti 12.2. Ukisafiri na kuliacha gari, chomoa kamera kabisa.

Joto la Pwani nalo lina lake. Chagua kamera yenye kapasita (kijenzi cha kutunza umeme kidogo) badala ya betri ya lithiamu, ambayo huvimba juani. Kadi ya kumbukumbu nunua ya kurekodi video mfululizo. Za simu huchoka mapema, tena kimyakimya. Fungua video moja kila wiki uone kama inarekodi kweli.

Na kamera ile ya Kijapani iliyokuja na gari? Ng'oa tu.