Fundi anajibu: kruza na mgongo wako

Mvua imekata, mashimo yamebaki, na barua nyingi mwezi huu hapa Lubumbashi zinauliza habari za kruza. Hizo ni zile pikipiki nzito za kiti cha chini na vishikio vipana, ambazo Jumapili jioni hupangwa mbele ya wachoma michopo (nyama choma), kromu iking'aa kuliko vioo vya saluni.

Kwa kuwa nina wasomaji hata ng'ambo ya ziwa Tanganyika, tuelewane maneno. Amortiseri ndizo shokapu. Resori ni springi. Furshi ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu.

*Yaya fundi, nina Virago 535 ya Yamaha. Kila nikitoka mpakani Kasumbalesa nafika nyumbani kiuno kimekufa. Nimeweka pesa ya amortiseri za nyuma tu, mbele nitangoja. Ninunue?* (Msomaji wa Katuba)

Mdogo wangu, usinunue bado. Tuanze na hicho kiuno. Ukiwa juu ya Boxer au TVS ukaona shimo, unajiinua kidogo juu ya vikanyagio, magoti yanakunjika, pigo linaishia miguuni. Kruza haikupi nafasi hiyo. Miguu iko mbele, makalio yako karibu na gurudumu la nyuma, na kinachoishinda amortiseri kinapanda uti wa mgongo moja kwa moja. Tena nyuma hakuna mwendo mrefu wa kushuka: kruza nyingi hazifiki milimita 100, wakati mbele hupata 130 au 150. Wewe umekaa juu ya upande mfupi, kwenye barabara ambayo malori ya shaba yameichimba mitaro.

Sasa jaribu hivi. Shuka, simama nyuma ya pikipiki, bonyeza kiti kwa uzito wako wote kisha achia. Ikipanda mara moja na kutulia, mafuta bado yanafanya kazi. Ikidunda mara mbili, tatu, kama kitanda cha hoteli ya bei rahisi, basi amortiseri imekufa, unabebwa na resori peke yake. Virago 535 zilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kama za kwako ni zile zile ilizozaliwa nazo, huenda unapaswa kuziamkia.

Pima pia upepo wa matairi. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda tatizo ni rulema (beringi) za gurudumu, au bushi na rulema za mkono wa nyuma unaolishika, na amortiseri mpya haitaliponya.

Zikiwa zimekufa kweli, nunua, na kwa maumivu ya kiuno ni sawa kuanza na nyuma. Ila mafuta ya furshi yabadilishe siku hiyo hiyo, gharama yake ni ndogo. Nyuma ikitulia huku mbele ikiwa bado maji, utaona pua inapanda na kushuka kama mtumbwi.

Za kuaminika zipo: Öhlins ya Sweden, Hagon ya Uingereza, YSS ya Thailand, Ikon ya Australia, Progressive Suspension ya Marekani. Bei zao hazilingani hata kidogo. Mimi naangalia jambo moja: muuzaji asiyekuuliza una kilo ngapi anakuuzia kromu. Na jihadhari na zile za rangi ya dhahabu zenye chupa pembeni, zinazouzwa kwa bei ya viatu. Nilipasua moja iliyokwisha kufa, ile chupa haikuwa na hata tundu la kupitisha mafuta. Pambo tupu.

*Fundi, mimi nina kilo 104, na mama watoto naye si haba. Nimekaza pete ya amortiseri mpaka kituo cha mwisho lakini kwenye dodane (tuta) bado inagonga chini. Mbona haiwi ngumu?* (Papa wa Kampemba)

Papa, pete ile inayobana resori haiongezi ugumu. Watu wengi wanaamini hivyo, hata mafundi. Resori inayotaka kilo 2 ili ishuke milimita 1 itaendelea kutaka kilo 2 hizo hizo, uikaze usiikaze. Ukizungusha pete unaipandisha pikipiki juu, ili ianze kushuka ikiwa mahali pa juu zaidi. Ni msaada, lakini una mwisho wake, na wewe umeshaufikia.

Cha kufanya ni kupima pikipiki inazama kiasi gani ukiikalia. Tafuta watu wawili na mita ya fundi cherehani. Bandika kipande cha plasta kwenye madigadi, wima juu ya ekseli ya nyuma. Inueni pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie bila kubeba kitu, pima kutoka ekseli hadi kwenye plasta, andika. Kisha ishusheni, uikalie na kofia yako, koti lako na mkoba unaosafiri nao, miguu kwenye vikanyagio, mmoja akishika vishikio mbele yako. Yumbisha mwili mara mbili ili ikae mahali pake, mwingine apime tena. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza.

Jibu linatakiwa liwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote. Kama nyuma ina mwendo wa milimita 85, izame 21 hadi 28. Mbele yenye mwendo wa 140, izame 35 hadi 47. Nilipojipima mimi mara ya kwanza nilikuta 41 kwa 85. Karibu nusu ya safari imeliwa na injini bado haijawaka!

Ukiwa na pete juu kabisa na bado unapita 28, resori ni laini kwa kilo zako. Agiza ngumu zaidi na utaje kilo zako, za mama, na za mizigo. Kuna mtego mmoja hapo. Unaweza kukaza pete ukapata 25 safi, ukashangilia. Shuka uangalie ikiwa peke yake: kama haizami hata kidogo kwa uzito wake yenyewe, bado resori ni laini, umeificha tu kwa kuikaza. Na hiyo ndiyo inayopiga kiuno pande mbili, ikishuka inagonga chini, ikirudi inagonga juu.

Ukishapata resori sahihi, pete itarudi kwenye kazi yake: peke yako iwe chini, na siku unayompeleka mama kanisani panda vituo viwili. Usisahau kurudisha Jumatatu.

*Nikishika breki ya mbele pua inazama mpaka mwisho. Fundi wa mtaani kasema nimwage mafuta ya furshi, niweke ya injini, 20W-50, eti ni mazito. Ni kweli?* (Mwanafunzi, Kasapa)

Usikubali. Mafuta hayabebi uzito, yanachelewesha tu. Kinachoibeba pikipiki ni resori. Furshi ya kruza ya kawaida ndani ina bomba lenye matundu machache madogo, na mafuta yanalazimishwa kupita hapo. Ukiweka mazito, pua itazama polepole, lakini ukiendelea kushika breki itafika chini vile vile. Ukikutana na shimo la ghafla ndipo utajuta: mafuta hayawahi kupita, furshi inakuwa mti, na mikono yako ndiyo inayopokea. Asubuhi ya Juni kwenye baridi yetu hii utaendesha toroli. Mwezi wa Oktoba, joto likipanda, yatalainika na utadhani ni pikipiki nyingine.

Anza na resori za mbele. Zikichoka huwa fupi kuliko kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Zitoe, zilaze mezani, pima. Zikiwa zimepungua, au wewe ni mzito kuliko mtu waliyemfikiria kiwandani, weka mpya. Kuna za mzunguko ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na kuna zile zilizobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, ambazo zinaanza laini na kumalizika ngumu. Wengi wanazipenda za pili kwa kruza. Mimi naona za kwanza zinatabirika zaidi, mradi zimechaguliwa kwa kilo zako, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Mafuta yawe ya furshi, kwa uzito uliotajwa na kitabu, mara nyingi 10W au 15W. Namba hizo zisikudanganye: 10W ya kampuni moja yaweza kuwa nzito kuliko 10W ya nyingine. Ukibadilisha aina, linganisha ile namba ya cSt (kipimo cha uzito wa mafuta) kwa nyuzi joto 40 iliyoandikwa kwenye karatasi ya mafuta.

Halafu kimo cha mafuta. Hapa ndipo kazi ya fundi mvivu inapoonekana, kwa sababu anamimina kwa macho. Resori ikiwa nje na mguu umesukumwa chini kabisa, unapima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa mafuta, na miguu yote miwili iwe sawa. Ile hewa iliyobaki juu ni resori ya pili. Ukipandisha mafuta hewa inapungua, inabanwa haraka, na furshi inakuwa ngumu kuelekea mwisho, pale pale unapopataka kwa breki. Panda milimita 10 kwa wakati, usizidishe: ukibana hewa kupita kiasi, spi (raba za kuzuia mafuta) zinatapika mafuta.

Neno moja la usalama. Kifuniko cha juu cha furshi kinasukumwa na resori. Mwaka nilipokuwa najifunza nilikifungua huku gurudumu likibeba pikipiki, kichwa changu kikiwa juu yake. Nashukuru nilipiga chafya nikageuka. Kifuniko kilitoboa bati la kibanda, na mpaka leo mvua ikinyesha natega sufuria hapo. Inua pua kwanza, gurudumu lining'inie, na mwishoni kabisa mwa kufungua kikandamize kwa kiganja.

*Nataka kuishusha kruza yangu ilale chini kama zile za picha. Amortiseri fupi zinatosha?* (Kijana wa Kamalondo)

Zinatosha kukuharibia. Unaondoa mwendo upande ambao tayari ulikuwa na upungufu. Harley yenyewe iliwahi kuuza Sportster Iron 883 yenye milimita 41 tu za kushuka nyuma, na wenye nazo wamekuwa wakinunua ndefu tangu hapo! Kwa madodane ya mjini kwetu utaacha bomba la moshi barabarani.

Ukitaka kwenda kinyume, yaani kupandisha nyuma, sentimita mbili tatu zinaleta raha kubwa. Ila pua itaelekea chini kidogo, usukani utakuwa mwepesi, stendi ya pembeni itailaza zaidi, na cheni, kama unayo, ipimwe upya.

*Niliona Softail ya Marekani haina amortiseri nyuma kabisa. Wanaendeshaje?* (Msomaji wa Ruashi)

Zipo, zimefichwa. Tangu mwaka 1984 Harley walizilaza chini ya injini na giaboksi ili umbo lifanane na pikipiki za zamani zisizo na resori nyuma. Za aina hiyo hufanya kazi kwa kuvutwa, gurudumu likipanda zinarefuka, kwa hiyo usifikirie kuzifungia za pikipiki nyingine. Kuanzia toleo la 2018 wameweka moja tu, chini ya kiti.

*Furshi ya kushoto inavuja. Nabadilisha spi kila miezi mitatu. Nimechoka.* (Mama wa Bel-Air, anayeendesha mwenyewe, msishangae)

Mama, hatushangai, tunakupongeza. Kabla ya kununua nyingine, kata ukanda mwembamba wa plastiki laini kutoka chupa ya maji, uchonge ndoano ndogo pembeni, inua kifuniko cha vumbi, upenyeze kati ya spi na bomba na kuuzungusha. Mara nyingi utaona chembe za vumbi letu jekundu zinatoka na mafuta meusi, na kuvuja kunakoma. Ikiwa inaendelea, pitisha ukucha juu ya bomba taratibu. Ukikwama hata kidogo, kuna kutu au mkwaruzo unaoikata kila spi unayoweka. Bomba lichongwe na kupakwa kromu upya, au lipatikane jingine. Siku ya kufunga spi mpya, vika mdomo wa bomba mfuko wa nailoni uliopakwa mafuta, la sivyo ncha yake itaikata kabla hujaondoka garaje. Na angalia pedi za breki: zikishalowa mafuta, tupa.

*Nikifunga mwenyewe, nitajuaje nimefunga vizuri?* (Swali la wengi)

Kaza kwa ufunguo wenye kipimo, kwa namba za kitabu. Kisha nenda Kipushi na kurudi, kilomita 60 hivi, bila abiria na bila mbio. Ukifika nyumbani acha chuma kipoe, kaza tena boliti za juu na chini za amortiseri, halafu pangusa mabomba ya furshi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi tu, mpakie mtu.