Presha ya Macho: Usiridhike na Namba, Dai na Picha

Kama mama yenu ana presha ya macho, ile madaktari wanayoiita glakoma, nyinyi watoto mko kwenye khatari kuliko watu wengine. Ukishavuka miaka 40 usingoje macho yaume, maana aina iliyoenea kwetu haiumi. Uoni wa pembeni huliwa kidogo kidogo, jicho la pili likifidia. Kilichopotea hakirudi.

Mimi nilikwenda kupimwa kwa sababu ya mama. Presha ilikuwa 17, na kawaida ni baina ya 10 na 21, kwa hiyo nilishajiandaa kurudi zangu Wete. Daktari akanizuia. Wapo ambao presha yao ni ya kawaida na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa vivyo hivyo. Tena kioo cha mbele cha jicho kikiwa chembamba, kipimo husoma chini kuliko ukweli. Akataka picha.

Ya kwanza ni ya rangi, ya nyuma ya jicho. Pale mshipa unapoanzia pana kishimo, na kikizidi kupanuka ni dalili kwamba nyuzi za mshipa huo zinapungua. Ya pili ni OCT, iliyotangazwa Marekani mwaka 1991. Unaweka kidevu, unatazama alama, basi. Mwanga usioonekana huingia na kurudi, na mashine hupima unene wa tabaka la nyuzi kwa maikromita. Mara nyingi huonyesha upungufu kabla kipimo cha uoni wa pembeni hakijashtuka.

Lakini usizimie ukiona wekundu kwenye karatasi. Mashine inakulinganisha na kundi la watu wengine, na mwenye tatizo kubwa la kutoona vitu vya mbali anaweza kutiwa wekundu naye hana glakoma. Mlinganisho wa maana ni wewe na picha yako ya zamani. Kwa hiyo omba nakala, ipige na simu, usiliachie faili la hospitali peke yake. Na ukitiwa dawa ya kupanua mboni, nenda na mtu: utaona ukungu kwa saa kadhaa, vespa hupandi.

OCT hupatikana kwa tabu visiwani. Ukiikosa, anza na picha ya rangi na kipimo cha uoni wa pembeni. Mama mwenyewe tuliambiwa tusimtolee pesa za OCT: tabaka lake limeshakonda mpaka mashine haioni tena tofauti, kwa hiyo anafuatiliwa kwa presha na uoni wa pembeni tu.