Maswali na Majibu: Umeligonga, Sasa Nani Analipa?

Tangu nilipoandika hapa kwamba mtu anayepeleka gari la dola laki mbili kwenye siku ya uwanjani, yaani siku ambayo wenye magari binafsi hulipa na kuendesha kwenye uwanja wa mbio, bila mwalimu anatafuta bili, barua zimefurika. Wengine mnanitukana, wengine mnauliza yale yale ya kila mwaka. Nimechagua zenye faida, na moja mbili ambazo najibu ili zisirudi tena.

Shikamoo mzee. Naishi Frankfurt. Nataka kukodi gari la michezo pale uwanja wa ndege, Jumapili niende nalo Nürburgring, ule uwanja wa mbio. Mkataba nimeusoma, haujaitaja Nürburgring kwa jina. Niko salama?

Marahaba. Hauko salama. Mkataba hauna haja ya kuitaja Nürburgring kwa jina. Tafuta sentensi inayosema viwanja vya mbio, majaribio ya mwendo au mafunzo ya udereva. Ipo, tena kwa herufi ndogo.

Najua utakachojibu, maana kila anayeniandikia kutoka Ujerumani anacho. Utasema kwamba Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring ya kilomita 20.832, siku za watalii, zile ambazo yeyote hulipa na kuingia na gari lake, ni barabara ya kulipia tu, ya mwelekeo mmoja, inayofuata sheria za kawaida za barabarani. Kweli. Kupita ni kushoto tu, na kupimana muda ni marufuku. Lakini kampuni za bima na za kukodisha zilishaisikia hoja hiyo kabla wewe hujapata leseni, na nyingi zimeandika waziwazi kuwa kasko, ile bima ya uharibifu wa gari lenyewe, haihusiki hapo, mashindano yawepo yasiwepo. Wala usidhani hawatajua. Kwenye kona ya Brünnchen watu hukaa na kamera mchana kutwa wakisubiri mtu kama wewe.

Kijijini Nürburg kwenyewe wapo wanaokodisha magari kwa kazi hiyo. Kodi huko. Na kabla hujaweka saini uliza swali moja tu: nikilivunja lote, mimi nabeba kiasi gani? Wakikutajia kiasi ambacho huwezi kukilipa bila kuuza kiwanja cha nyumbani, panda kama abiria.

Nikigonga reli ya pembeni, si ni mali ya uwanja? Kwa nini nilipe mimi?

Kwa sababu umeigonga wewe. Utalipia vipande vya reli, nguzo zake, kazi ya kuzifunga, bredauni, na mara nyingine hata muda ambao njia ilifungwa kwa ajili yako. Yote hayo kabla hujaliangalia gari lako. Maelfu ya euro huisha hapo bila mtu kupaza sauti.

Nina Porsche 911 GT3, haina hata mwaka. Niliingia kona kwa kasi kidogo kuliko nilivyotaka, nikatoa mguu kwenye mafuta kama mtu yeyote angefanya, mkia ukaja mbele, nikala mzinga. Rafiki yangu alikuwa amenishauri nizime ule msaada wa kompyuta unaozuia gari kuteleza, kwa kuwa unapunguza utamu. Naweza kuishtaki kampuni? Gari lina kasoro.

Gari halina kasoro. Rafiki ndiye mwenye kasoro.

Tuanze na injini. Ya 911 imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na watu wamekuwa wakiambiwa maana yake tangu miaka ya 1960. Ukiwa katikati ya kona tairi za nyuma zimebeba uzito na zinashika. Ukitoa mguu ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na ule mzigo wote ulio mkiani unataka kuendelea na safari yake ya awali. Hapo ndipo mkia unapokuja kukusalimia. Ulichofanya ni kile ambacho silika ya woga humfundisha kila binadamu: ukiogopa, toa mguu. Barabara ya Chalinze inakusamehe. Kona ya kasi ukiwa na injini mgongoni haikusamehi.

Dawa haina siri. Kazi ya kupunguza mwendo inamalizika kabla ya kukata usukani. Ukishaingia kona na kasi iliyozidi, tuliza mikono, punguza mafuta taratibu, angalia unakokwenda na usiuangalie ukuta. Mambo haya hayasomwi kwenye safu ya mzee wa magari. Yanafundishwa na mwalimu aliyekaa kiti cha pembeni, na kwa siku nzima anakutoza pesa ndogo kuliko bampa ya mbele ya hilo gari lako.

Sasa huo msaada wa kompyuta. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwenye magari mapya yote tangu Novemba 2014, na si kwa kupenda kuharibu starehe za watu. Unabana breki ya gurudumu moja moja kwa haraka ambayo mguu wako hauwezi. Madereva wanaolipwa kuendesha huuzima wakijua wanachokipata. Nyinyi mnauzima ili msifiwe. Nimewaona kwenye maegesho, kitufe kimebonyezwa kabla hata mkanda haujafungwa. Kama huwezi kuniambia ni kona gani ule msaada ulikuchelewesha na kwa nini, uache uwake.

Kuhusu kushtaki, wakili yeyote atachukua ada yako. Lakini aliyeuzima ni wewe, na gari litasema, maana kompyuta zake zinatunza mengi.

Kila mtu husaini fomu ya kutodai kabla ya kuingia. Abiria wangu naye alisaini. Kwa hiyo hata akiumia hakuna wa kunifuata, sivyo?

Sivyo. Tarehe 2 Juni 2005, California Speedway kule Fontana, kwenye siku iliyoandaliwa na chama cha wenye Ferrari, mtu mmoja aliingia na Porsche Carrera GT akiwa na abiria. Gari lile lilikuwa na injini ya silinda kumi (V10) ya nguvu za farasi zaidi ya 600, bila ule msaada wa kompyuta niliousema hapo juu. Kwenye njia iliyonyooka Ferrari moja ikatoka pitini, pale pembeni magari yanapohudumiwa, kwa mwendo mdogo. Dereva wa Porsche akakwepa, gari likamtoka mikononi, likaenda kwenye ukuta wa zege. Wote wawili wakafa.

Wote wawili walikuwa wamesaini fomu. Mjane wa abiria akashtaki hata hivyo: mirathi ya dereva, uwanja, waandaaji, dereva wa Ferrari na Porsche yenyewe. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba ule ukuta ulikuwa umesogezwa karibu na njia. Nyingine ilikuwa kwamba dereva alijua gari lake lina tatizo la kuyumba na hakumwambia abiria. Mwaka 2007 wakamalizana kwa takriban dola milioni 4.5, na karibu nusu ya hizo ilitoka kwenye mirathi ya dereva. Yaani mali aliyoiacha marehemu ndiyo iliyolipa.

Fomu inaweza kumfunga aliyesaini dhidi ya hatari za kawaida za mchezo. Uzembe mkubwa na kuficha ubovu ni habari nyingine, na sheria za nchi hazifanani. Kama unajua gari lako linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, halafu unampakia shemeji ili akupigie makofi, usinitaje mimi mahakamani.

Tena kwa nini mgeni wa uwanja anabeba abiria? Mtu mzima akipiga kelele pembeni yako, wewe unaongeza mwendo. Sijawahi kuona kinyume chake.

Gari gani linamfaa anayeanza: McLaren au 911 Turbo?

Mazda MX-5, kigari kidogo cha nguvu za wastani.

Niko Dubai. Asubuhi breki zilikuwa kali, raundi ya nne pedali ikazama mpaka chini nikapitiliza kona, bahati nzuri pembeni kulikuwa na lami tupu. Fundi anasema pedi bado nene. Tatizo ni nini?

Fundi amepima pedi, hakuna aliyepima mafuta ya breki. Yakichemka yanatoa povu la mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unashuka lakini breki hazibani.

Watu hawaelewi joto lililopo hapa. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kushuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 100 kunamwagia breki joto mara tatu ya lile la kutoka 100 mpaka kusimama. Mjini unafanya hili la pili mara chache kwa siku. Uwanjani unafanya lile la kwanza mwisho wa kila njia iliyonyooka, dakika baada ya dakika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie walau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevunyevu wa hewa, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Ya kwako yalibadilishwa lini? Kama jibu ni "sijui", umeshajua kwa nini ulipitiliza kona.

Badilisha mafuta kabla ya siku yenyewe, weka ya kiwango cha juu zaidi, na ukitoka usivute hendibreki huku diski zinawaka. Zunguka raundi moja polepole zipoe. Na upepo wa tairi: kwenye joto la Ghuba ukiingia na kipimo cha barabarani, baada ya raundi chache upepo umepanda na tairi haishiki tena. Pima ukitoka, ikiwa ya moto. Anayepima asubuhi tu amepima nusu.

Mzee, nipo Dar. Nimepata Porsche Cayman ya Uingereza, bei ya kutupa. Muuzaji anasema haijawahi kupata ajali, na nikicheki kwenye rekodi za kule kweli haina Cat S wala Cat N. Nilipe?

Swali zuri kuliko yote wiki hii, na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu wengi wenu mnauliza mkishalipa.

Hizo alama, S kwa gari lililoumia muundo na N kwa lisiloumia muundo, zimekuwepo Uingereza tangu Oktoba 2017, na huwekwa bima inapoamua kuwa gari halistahili kutengenezwa kwa gharama yake. Neno la kushika hapo ni bima. Gari lililogongwa uwanjani, ambako bima ya kawaida haihusiki, mara nyingi halifiki kwa bima hata kidogo. Mwenyewe analivuta kimya kimya hadi gereji, linanyooshwa, linapigwa rangi, linauzwa. Karatasi zake ni safi kwa sababu hakuna aliyeandika chochote.

Kwa hiyo sahau karatasi, kagua chuma. Angalia boliti za fenda na boneti kama rangi imechubuka, maana hazijifungui zenyewe. Soma tarehe kwenye taa na vioo. Taa moja ikiwa changa kuliko gari, uliza. Vuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho. Omba vipimo vya alaimenti vilivyochapishwa na mashine, si maneno ya muuzaji. Halafu mwambie achomeke kompyuta ya Porsche atoe ripoti ya mizunguko ya injini iliyozidi kiwango. Injini hizi huiandika kwa ngazi, na ngazi za juu kabisa hazifikiwi kwa kukanyaga mafuta. Zinafikiwa na mtu aliyetaka gia ya nne akaingiza ya pili. Muuzaji akigoma kutoa ripoti hiyo, amekujibu.

Na bei ya kutupa ina sababu. Uliza ilitupwa na nani.

Wewe una wivu tu. Mwenye pesa zake ana haki ya kuvunja gari lake.

Ana haki. Anayeteleza kwenye maji ya rejeta aliyoyamwaga huyo tajiri, akiwa kwenye pikipiki nyuma yake, naye ana haki. Injini ikipasuka au rejeta ikitoboka, toka kwenye mstari, simama pembeni nyuma ya reli, usiburuze mafuta kilomita tatu eti ufike maegesho kwa heshima.

Naruhusiwa kuweka kamera ndani ya gari?

Kwenye siku za watalii za Nordschleife, hapana, ingawa utawaona wengi wanazo. Viwanja vingine huruhusu ikiwa imefungwa kwa boliti. Ya kubandika kwa mpira hung'oka kwenye mgongano na kumfuata aliye karibu. Na kabla hujairusha video ya mzinga wako ili upendwe, kumbuka mpimaji wa bima naye ana simu. Wiki ijayo, pikipiki. Msiniulize tena kuhusu McLaren.