Injini ya Ducati: ni ya 250 au ya 350?

Umeuliza iwapo injini ya pikipiki ya zamani ya Ducati yenye silinda moja, iliyogongwa alama DM250 (yaani ya cc 250), inaweza kuwa ya cc 350 kama muuzaji anavyodai. Namba pekee haitoshi, kwa kuwa fundi anaweza kubadilisha vya ndani na kuacha bloku ileile yenye namba hiyo. Kwa hiyo fungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) upime. Usikimbilie kipenyo cha silinda: 250 ina milimita 74 na 350 ina milimita 76, tofauti ndogo ambayo silinda iliyochongwa upya na kuwekwa pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali) huificha kwa urahisi. Pima mwendo wa pistoni kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, kwa sababu hapo 250 husoma milimita 57.8, nayo 350 husoma 75, na hakuna uchongaji wa silinda unaoweza kuziba pengo hilo.

Namba ya injini kutofautiana na ya fremu kusikutie wasiwasi, maana kiwandani kwa Ducati, Bologna nchini Italia, hazikulinganishwa. Kinachonitia shaka mimi ni mahali pa namba paliposuguliwa pakang'aa kuliko alumini inayopazunguka, kwani huenda namba ilibadilishwa; na tafadhali usipapige msasa hata kidogo, usije ukafuta ushahidi.