Maswali ya Wasomaji: Mboga ya Porini Katika Wimbo wa Annie

SWALI: Ndugu Mhariri, katika santuri alizotuachia marehemu baba imo moja ya Elvis Presley yenye wimbo uitwao "Polk Salad Annie". Ningependa kujua habari za msichana huyo zilitoka wapi, na mboga anayoichuma ni ipi. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Tuanze kwa kumpa mtunzi haki yake, kwa kuwa wengi wanaoufahamu wimbo huu kwa sauti ya Presley, aliyeuimba jukwaani Las Vegas mwaka 1970, hawamjui Tony Joe White. White alizaliwa mwaka 1943 katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, akiwa kitinda mimba wa watoto saba wa mkulima wa pamba. Alikuwa akipiga gita katika kumbi za Texas na kuimba nyimbo za watu wengine, hadi mwaka 1967 alipousikia redioni wimbo wa Bobbie Gentry, "Ode to Billie Joe", unaosimulia msiba huku familia ya wakulima ikiwa mezani inakula. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliyatambua maisha yale kuwa ni yake, akaamua kuandika mambo anayoyajua tu.

Aliyoyajua ndiyo yaliyomo katika wimbo. Mama yake Annie ni mfungwa anayefanya kazi ngumu akiwa amefungwa minyororo, bibi yake ameliwa na mamba, baba ni mvivu anayesingizia maumivu ya mgongo, na kaka zake wanaiba matikiti maji shambani kwa msimulizi. Kwa hiyo kila jioni msichana huyo hushika gunia na kwenda kuchuma majani ya porini ili nyumba ipate kula. White hamhurumii wala hamcheki, na kwa maoni yangu huo ndio ubora mkubwa wa utunzi wake: umaskini umeelezwa na mtu aliyekula mboga hiyo hiyo. Kabla ya kuanza kuimba, anatumia muda kuwaeleza wasioijua kwamba ni mmea wa porini wenye majani yanayofanana na ya tanipu. Wimbo ulitolewa mwaka 1968 bila mafanikio ya haraka, lakini kufikia Agosti 1969 ulikuwa umepanda hadi nafasi ya 8 katika chati ya Marekani.

White ndiye pia aliyetunga "Rainy Night in Georgia", uliompa sifa Brook Benton mwaka 1970, na "Steamy Windows" aliouimba Tina Turner. Alifariki mwaka 2018.

SWALI: Je, mmea huo upo kwetu, na unaweza kupikwa kama mchicha? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Usiupike kama mchicha hata kidogo. Mmea wa Annie, ambao wataalamu huuita Phytolacca americana, una sumu mwilini mwote, hasa mizizini, na matunda yake ya zambarau iliyokolea huwavutia watoto. Watu wa kusini mwa Marekani huchuma majani machanga tu mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakayachemsha, wakamwaga maji, kisha wakarudia tena na tena kabla ya kuyakaanga kwa mafuta ya nguruwe. Hakuna anayeyala mabichi, japokuwa jina la wimbo linaweza kumfanya mtu adhani ni kachumbari. Akikosea, atatapika na kuharisha vibaya.

Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, lakini ndugu yake wa karibu, Phytolacca dodecandra, ni kichaka kinachotambaa juu ya miti katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania. Waethiopia hukiita endod na hufulia nguo kwa matunda yake yaliyosagwa, ambayo hutoa povu kama sabuni. Mwaka 1964, mtafiti Aklilu Lemma aliona mjini Adwa kwamba konokono walikuwa wamekufa kwa wingi mahali wanawake walipofulia kwa matunda hayo. Kwa kuwa konokono wa aina fulani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, aliyachunguza na kuthibitisha kwamba matunda hayo huwaua. Kazi hiyo ilimpatia yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Hata hivyo, kichaka hicho nacho kina sumu kwa watu na mifugo, kwa hiyo ukikiona kwenye ua wa shamba lako, usikichume kwa ajili ya mboga wala usikikatie mbuzi.