Usimamizi wa miradi ya TEHAMA: kabla ya kulipia kozi, kubalianeni neno "imekwisha"

Mkuu, umeuliza hivi: umemaliza shahada ya TEHAMA mwaka jana, uko Iringa mjini, unatengeneza mifumo midogo ya maduka na shule. Kila kazi inachelewa, na mteja anaishia kukulipa nusu. Unataka kujua ulipie kozi ya PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, au uanze na Skramu, utaratibu wa kuandika programu kwa vipindi vifupi vifupi. Mimi niko Mbeya, mwaka wa nane sasa kwenye kazi hizi, nyingi zikiwa za vyama vya ushirika na zahanati, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

PMP iweke pembeni kwanza. Ni cheti chenye heshima, na PMI, taasisi ya wasimamizi wa miradi inayokitoa, ipo tangu 1969. Lakini mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, pamoja na saa 35 za mafunzo. Hiyo miezi bado huna. Ipo CAPM, cheti chao cha wanaoanza, isiyodai uzoefu, inataka saa 23 za mafunzo. Ukitafuta ajira kwenye mashirika itakufaa. Ila hilo la kulipwa nusu, cheti hakitaliondoa. Linatokea kwa sababu wewe na mteja hamjawahi kukubaliana kazi ikifika wapi itaitwa imekwisha. Nalijua kwa sababu ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa pili nilipata kazi kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, na kazi yenyewe imeelezwa kwa mstari mmoja: mfumo wa kusajili wakulima na mapokezi ya kahawa. Nikachukua malipo ya awali, nikarudi Mwanjelwa hapa Mbeya, nikajifungia wiki saba kuandika programu. Niliporudi na laptopu, karani alikaa mezani akamwita mzee wa kwanza. Mzee akataja namba ya simu. Mfumo ukamkataa, namba imeshasajiliwa. Kumbe ni simu ya mjukuu, na wazee watatu wa kitongoji kile wanapokelea meseji zao humohumo. Mimi namba ya simu ndiyo niliyoifanya kitambulisho cha mkulima.

Karani, mama wa makamo aliyefanya kazi ile tangu mimi niko sekondari, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na huyu anayeleta mzigo kwa jina la mumewe, namwandika wapi?" Akanifungulia daftari lake. Kulia kabisa, nje ya mistari iliyochapwa, kulikuwa na safu ameichora mwenyewe kwa rula. Ndani yake, kwa penseli, jina la aliyeleta kahawa, mbali na jina la mwanachama. Pakitokea ubishi siku ya malipo, safu ile ndiyo inayoamua. Ofisini kwao nilikuwa nimefika mara mbili kabla ya hapo, na mara zote mbili nilizungumza na mwenyekiti tu. Daftari sikuliomba.

Kurekebisha kulinichukua wiki tatu zaidi. Ilikuwa mwezi wa saba, kahawa inaingia kila siku, foleni imefika barabarani. Chama kikamaliza msimu kwa daftari, nami nikaisubiri awamu ya pili ya malipo hadi mwaka uliofuata. Siwezi kusema walinidhulumu. Nilidai kazi imekwisha, wao wakasema haijakwisha, na hapakuwa na karatasi yoyote ya kutuamua.

Tangu hapo siandiki hata mstari mmoja wa programu kabla ya kushinda siku nzima pembeni ya mtu atakayeutumia mfumo. Siyo bosi wake, yeye mwenyewe. Jioni tunaandika pamoja sentensi kumi hadi kumi na tano za mambo yatakayoonekana kwa macho siku ya makabidhiano. Kwa mfano: "Karani anasajili mkulima asiye na simu." "Umeme ukikatika saa tano, mapokezi ya asubuhi yote yanabaki." "Mwanachama mmoja anaweza kuletewa mzigo na watu tofauti, na risiti inaonyesha nani kaleta." Chini yake tunaandika yasiyokuwemo: mfumo hautalipa wakulima kwa simu, hautatoa hesabu za kodi. Tunaongeza nani anamiliki taarifa za watu na nani ataziona, kwa sababu tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si jambo la hiari. Kisha kila awamu ya malipo inafungwa kwenye sentensi zake. Sentensi nne za kwanza zikifanya kazi mbele ya karani, anatia sahihi, malipo yanatoka. Siku hizi nabishana na wateja mara chache sana kuhusu fedha.

Ratiba nayo ihesabu kurudi nyuma, kuanzia siku ambayo mteja hawezi kuisogeza. Kwa kahawa ni mavuno. Kwa shule zako za Iringa ni Januari, wanafunzi wanapofungua mwaka. Maana yake walimu wawe wameujaribu mfumo kabla hawajaondoka likizo ya Desemba. Na kwa kila kazi jiulize itachukua siku ngapi, kwa makadirio matatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, yakiharibika. Ile ya kawaida zidisha kwa nne, jumlisha na nyingine mbili, gawanya kwa sita. Hesabu hii ilitokana na mradi wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani, 1958, na hadi leo inafaa. Kuingiza majina ya wanachama kutoka kwenye madaftari niliwahi kukadiria siku 4, 6 au 20. Hesabu ikatoa 8. Mwenyewe ningemwambia mteja sita, kwa kutaka kumfurahisha.

Halafu kuna "kijana, ni kakitu kadogo tu". Utaisikia kila wiki, na anayeisema kwa kawaida ni mtu mzima unayemwamkia shikamoo, kwa hiyo ulimi unakuwa mzito kukataa. Usikatae. Toa kaunta buku mbele yake, andika ombi lake, tarehe, siku litakazoongeza na fedha, kisha msomee: "Mzee, hiki nakiweza, kinaongeza siku tano na shilingi kadhaa. Tukiweke sasa au awamu ijayo?" Mara nyingi atasema awamu ijayo. Heshima inabaki, na kazi haivimbi.

Ukichelewa, usikimbilie kuita marafiki waje kusaidia. Pale Mbozi niliita vijana wawili, na wiki nzima ikaishia kuwaelekeza. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliliandika hili mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Hesabu mwenyewe. Kila wawili wanahitaji njia yao ya kuelewana: watu watatu wana njia tatu, watano wana kumi. Bora upunguze sentensi za awamu ya kwanza, ukubaliane na mteja zipi zisubiri.

Skramu, iliyowasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995, jifunze. Mwongozo wake ni mfupi na unapatikana bure. Chukua vipindi vyake vya kazi visivyozidi mwezi mmoja na kumwonyesha mteja kitu kinachofanya kazi kila mwisho wa kipindi. Ukiwa peke yako au mko wawili, vyeo vyake vyote huvihitaji. Mimi nina ubao ukutani wenye safu tatu, ya kufanya, inafanyika na imekwisha, na safu ya katikati haizidi karatasi mbili. Trello, ubao wa aina hiyohiyo mtandaoni, inafanya hivyohivyo kama bando halikusumbui.

Kwa hiyo usilipe ada ya kozi mwezi huu. Chagua kazi moja kati ya hizo ulizonazo, ile ya shule kwa mfano, nenda ukakae na mhasibu au mwalimu wa taaluma kutwa nzima, uombe kuona daftari analolitumia sasa, hasa zile sehemu alizoziongeza kwa mkono. Andika sentensi zako uziweke hapa bila jina la shule. Wiki hii niko Vwawa kwenye makabidhiano hadi Alhamisi, usiku nitazipitia moja moja.